Wanaohama na Wanaohamia Puani mwa Mtoto



Niruhusuni nianzie barazani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya makuti, bara kidogo kutoka Kilifi mjini kwenye pwani ya Kenya, na mapajani mwa mama mmoja kijana alikuwa amepakatwa mtoto wa miaka miwili, akinitazama bila kupepesa. Mkononi nilishika kijiti chembamba chenye pamba nchani. Kazi yangu ilikuwa kukipitisha puani hadi nyuma kabisa, pale pua inapokutana na koo, nikizungushe kidogo, nikitoe. Mtoto angelia, kisha yangekwisha. Mama hakukataa. Aliingia ndani akarudi na kitabu cha kliniki, akanionyesha kwa kidole: wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14. Dozi zote tatu za chanjo ya nimonia zimeandikiwa tarehe. "Daktari," akaniambia, "mtoto huyu kachanjwa zote. Sasa mnamtafutia nini puani?"

Nilimpa jibu fupi, la mtu anayesubiriwa na nyumba nyingine kumi kabla jua halijawa kali. Jibu hilo limenikaa rohoni miaka yote hii, kwa sababu swali lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyolichukulia. Leo nina saa nzima, nanyi mmekuja kwa miguu yenu kusikiliza, basi nitajaribu kumjibu yeye mbele yenu.

Tulikuwa tunatafuta kujua nani amehama na nani amehamia. Chanjo ile haikuiacha pua ya mtoto tupu. Iliwatoa wakazi fulani, wale wabaya zaidi, na nafasi waliyoiacha ikachukuliwa na wengine wa ukoo uleule. Mtoto akaokoka. Lakini wageni ni akina nani, wana tabia gani, na watafanya nini kesho? Hilo haliandikwi kwenye kitabu cha kliniki.

Bakteria tunayemzungumzia anaitwa nimokokasi. Ukimtazama kwa darubini utamwona wawili wawili, kama punje mbili zilizoshikana. Alitambuliwa mwaka 1881 na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali, kila mmoja kwa njia yake: Louis Pasteur huko Ufaransa na George Sternberg, daktari wa jeshi la Marekani. Makao yake ni nyuma ya pua ya binadamu, na hasa ya mtoto mdogo. Kabla chanjo haijaanza, ungewachukua watoto wanne wa Kilifi wa chini ya miaka mitano, wazima wa afya, wanaocheza uani, ungemkuta puani mwa watatu. Huenea kwa mate na kamasi, kwa kukoholeana, kwa kulala kitanda kimoja, kwa mtoto mkubwa kumbusu mdogo wake.

Akiwa puani hana neno. Balaa huanza akivuka mpaka. Akishuka mapafuni huleta homa ya mapafu, ile wazee waliyoiita kichomi. Akiingia kwenye damu huutia sumu mwili mzima. Akifika kwenye utando unaofunika ubongo huleta homa ya uti wa mgongo, na mtoto anayepona huweza kubaki kiziwi au na kifafa maisha yake yote. Kwa makadirio ya watafiti, mwaka 2015 bakteria huyu aliua karibu watoto 300,000 wa chini ya miaka mitano duniani kote, na idadi hiyo ni kama nusu tu ya waliokufa mwaka 2000.

Silaha yake kubwa ni koti. Kila nimokokasi anayeleta ugonjwa mkali huvaa koti la sukari, utando mzito unaoteleza, na askari wa damu yetu wakijaribu kumkamata huponyoka. Makoti haya hayafanani. Mpaka sasa yamehesabiwa zaidi ya 100, na kila moja ni serotaipu yenye namba yake, pengine na herufi: 1, 5, 6B, 14, 19F, 23F. Kingamwili iliyofundishwa kulitambua koti la 14 haiwezi kulishika koti la 5. Kwake ni mgeni kabisa. Mwaka 1902 Mjerumani Fred Neufeld aligundua kwamba ukichanganya bakteria na majimaji ya damu yenye kingamwili ya koti lake, koti huonekana kama limevimba chini ya darubini. Zaidi ya karne moja imepita na bado tunatumia njia hiyo maabara. Mtu anakaa na darubini, tone baada ya tone, anauliza: wewe ni nani? Na wewe je?

Sasa chanjo. Ukimdunga mtoto mchanga sukari ya koti peke yake, mwili wake hauishughulikii. Kinga ya mtoto wa chini ya miaka miwili haijifunzi vizuri kutokana na sukari tupu. Kwa hiyo wataalamu waliigandisha sukari hiyo kwenye protini, kitu ambacho mwili wa mtoto hukichukulia kwa uzito, na kinga ikajifunza vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana chanjo hizi huitwa unganifu. Ya kwanza, yenye makoti saba, ilianza kutumika Marekani mwaka 2000. Kenya ilianza mwaka 2011 na chanjo ya makoti kumi. Tanzania ilizindua ya makoti kumi na matatu mjini Dar es Salaam mwezi Desemba 2012.

Kumi kati ya zaidi ya mia. Mtu atauliza mbona machache hivyo. Ni kwa sababu kila koti hutengenezwa peke yake: bakteria wa aina hiyo hukuzwa, sukari yake hutolewa na kusafishwa, huunganishwa na protini, hupimwa, kisha ndipo huchanganywa na mengine. Kila koti linaloongezwa ni kiwanda kingine na gharama nyingine. Basi huchaguliwa yale yanayoua zaidi. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, nami nausimamia. Ila tangu siku ya kwanza ulikuwa umeligawa kundi la nimokokasi mafungu mawili, wanaopigwa na wasioguswa, na viumbe hawa tangu hapo walikuwa wakigombania mahali pamoja.

Hapa naomba tukae kidogo Kilifi, kwa sababu ni miongoni mwa mahali pachache duniani palipopimwa kwa makini namna hii, na palipimwa kabla na baada.

Watafiti wa mpango wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust walikuwa na mambo matatu mkononi. La kwanza, eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya Kilifi ambamo kila mkazi ameandikishwa, na wahesabuji hupita nyumba hadi nyumba kuandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. La pili, mtoto akilazwa hospitalini, damu yake huchukuliwa na kuoteshwa maabara, mwaka nenda mwaka rudi, tangu miaka ya mwisho ya 1990. La tatu, vijiti vya puani. Kuanzia 2009, miaka miwili kabla ya chanjo, walichagua kwa kura watu wa rika zote katika eneo hilo, wachanga kwa vikongwe, wakawapangusa pua. Chanjo ilipofika mwaka 2011, Kilifi ilifanya jambo ambalo sehemu nyingine za Kenya hazikulifanya: haikungoja wachanga tu wafikie umri, bali ilifanya kampeni ya kuwafikia watoto wote wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo pigo lilikuwa moja na kubwa, na kilichofuata kilionekana wazi.

Kabla ya chanjo, katika kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano, 60.8 kwa mwaka walikuwa wakipatikana na nimokokasi wa makoti yale kumi katika damu au maji ya uti wa mgongo. Kati ya 2012 na 2016 idadi hiyo ilishuka hadi 3.2. Baada ya marekebisho ya kitakwimu, watafiti waliukadiria upungufu huo kuwa asilimia 92. Ukijumlisha makoti yote, yaliyomo na yasiyomo kwenye chanjo, ugonjwa huo mkali ulipungua kwa asilimia 68. Na homa ya mapafu inayoonekana kwenye eksirei ikapungua karibu nusu. Mimi nimesimama kwenye wodi ya watoto miaka ile ya kabla. Naijua sauti ya kifua cha mtoto anayevuta hewa isiyomfikia, pua zikitanuka, mbavu zikiingia ndani kila pumzi. Kwa hiyo nisamehewe nikisema asilimia 92 siwezi kuitamka kama namba tu.

Lakini angalieni puani. Kabla ya chanjo, asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano walibeba nimokokasi wa makoti yale kumi. Ndani ya miaka miwili walibaki asilimia 13. Na hapo kuna jambo zuri kuliko yote ninayojua katika kazi hii: waliokuwa na umri wa miaka mitano na zaidi, watu wazima na wazee ambao hakuna aliyewadunga sindano, ubebaji wao ulishuka pia, kutoka asilimia 8 hadi 4. Ugonjwa mkali ukapungua kwa vijana, kwa watu wazima, hata kwa wachanga wa chini ya miezi miwili ambao ratiba ya chanjo ilikuwa haijawakamilishia kinga. Nyanya aliyekuwa akiambukizwa na mjukuu anayemlea hakuambukizwa tena, kwa kuwa mjukuu hakuwa na cha kumwambukiza. Hii ndiyo kinga ya jamii, na njia yake hupita puani. Chanjo ingemkinga mtoto asiumwe tu, bila kumfukuza bakteria puani, nyanya asingepata kitu.

Sasa upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Watoto waliobeba nimokokasi wa makoti mengine, yale ambayo chanjo haiyajui, walikuwa asilimia 41 kabla ya chanjo. Baadaye wakawa 57. Jumlisheni: 34 na 41 ni 75, 13 na 57 ni 70. Nyumba ilibaki na watu karibu walewale kwa idadi. Waliobadilika ni wakazi. Hilo ndilo jibu ambalo yule mama alistahili.

Wageni hawa walitoka wapi? Wengine hawakutoka popote, walikuwepo. Pua moja huweza kubeba aina mbili au tatu kwa wakati mmoja, na tunapootesha sampuli kwenye sahani yenye damu, aina iliyo nyingi huwafunika wenzake. Walio wengi wakiondoka, aliyejificha huonekana. Wengine ni wahamiaji kweli: walikuwa wakishindwa kupata nafasi, sasa wameipata. Kutenganisha mafungu haya mawili si kazi rahisi, na mtafiti asiyefanya hivyo huweza kuwatia watu hofu bila sababu, au akawatuliza bila sababu.

Kilifi, kwa miaka hiyo iliyopimwa, wageni hawakuleta ugonjwa mkali kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Walijaa puani lakini hawakuvuka mpaka mara nyingi. Na hapa kuna siri ya makoti ambayo huwashangaza hata madaktari. Serotaipu hazilingani kwa ujeuri. Serotaipu 1 na 5 ni nadra kuonekana puani mwa mtoto mzima wa afya, ila zikiingia huelekea damuni upesi. Kuna nyingine zinazokaa puani miezi, mtoto baada ya mtoto, na ni nadra sana kuzikuta kwenye damu. Chanjo ilichaguliwa ili kuwapiga wajeuri. Wapole wakijaza nafasi yao, tumefaidika sana.

Mbona basi tuendelee kupangusa pua? Kwa sababu kuna mahali ambapo hali haikuwa hivyo.

Huko Alaska, miongoni mwa watoto wa wenyeji asilia wa jimbo hilo, nimokokasi alikuwa akiua na kulemaza kuliko sehemu nyingi za Marekani. Nyumba zao nyingi zilikuwa ndogo zenye watu wengi, na vijiji vingi havikuwa na maji ya bomba. Chanjo ya makoti saba ilipoanza, katika miaka mitatu ya kwanza ugonjwa mkali kwa watoto wa chini ya miaka miwili ulishuka kutoka 403.2 hadi 134.3 kwa kila 100,000. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki. Kisha kati ya 2004 na 2006 ukapanda tena hadi 244.6. Makoti saba ya chanjo yalikuwa karibu yametoweka kabisa, yamepungua kwa asilimia 96. Waliopanda ni wa makoti mengine, kwa asilimia 140, na aliyeongoza ni 19A.

Nimeisoma ripoti hiyo mara nyingi, na kila mara nawafikiria wauguzi wa vijiji vile waliokuwa wameanza kuona wodi zinapungua watu. Jambo la kushikilia ni kwamba hata baada ya kupanda, idadi ilikuwa bado chini sana ya ile ya mwanzo. Anayesema chanjo ilishindwa Alaska hajasoma mstari wa kwanza wa takwimu. Ila anayesema mambo yamekwisha hajasoma wa mwisho.

Marekani kwa jumla, watu wa rika zote wakihesabiwa pamoja, ugonjwa wa makoti saba ulishuka kutoka 15.5 hadi 1.0 kwa kila 100,000 ilipofika 2007, na ugonjwa wote wa nimokokasi ukashuka kutoka 24.4 hadi 13.5. Katika kipindi hichohicho 19A ilipanda kutoka 0.8 hadi 2.7. Ndiyo sababu mwaka 2010 chanjo ikabadilishwa, ikawa ya makoti kumi na matatu, 19A ikiwemo, nayo ikashuka. Uingereza walipita njia hiyohiyo, saba mwaka 2006 na kumi na tatu mwaka 2010, watoto wakapona kwa wingi. Lakini wazee wa huko wakaanza kuugua kwa 8, 12F na 9N, aina tatu zisizomo kwenye chanjo ya watoto. Kufikia 2017 aina hizo tatu zilikuwa zikileta zaidi ya asilimia 40 ya ugonjwa wote mkali wa nimokokasi nchini humo. Mnaona ilivyo: mgeni aliye mpole kwa mtoto huenda asiwe mpole kwa babu yake mwenye mapafu yaliyochoka. Hilo nalitaja kwa sababu hapa kwetu pwani wajukuu wengi hulelewa na nyanya na babu.

Kuna jambo jingine, nalo linatisha kidogo, lakini mtu akilielewa haogopi tena bure. Nimokokasi anaweza kubadili koti.

Mwaka 1928 daktari mmoja wa London, Frederick Griffith, aliwadunga panya nimokokasi wa aina mbili kwa pamoja: wenye koti, ambao alikuwa amewaua kwa joto, na wasio na koti, walio hai lakini wasio na madhara. Kila kundi peke yake halikumdhuru panya. Kwa pamoja, panya wakafa, na katika damu yao Griffith akakuta bakteria hai wenye koti. Walio hai walikuwa wameokota kitu kutoka kwa maiti na kukivaa. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wakathibitisha kwamba kitu hicho ni DNA. Sehemu kubwa ya elimu ya urithi wa viumbe tunayoitegemea leo imesimama juu ya kazi iliyoanzia kwa bakteria huyuhuyu wa puani.

Kile ambacho Griffith alikiona ndani ya panya hutokea kila siku nyuma ya pua za watoto, pale aina mbili zinapokaa pamoja. Chanjo ilipoanza Marekani, ukoo mmoja uliokuwa umevaa koti la 4, lililomo kwenye chanjo, ulionekana ukitembea na koti la 19A, lisilokuwemo. Watafiti walipozisoma jeni zake walikuta mwili ni uleule wa zamani, sehemu inayotengeneza koti ndiyo iliyobadilishwa, pamoja na vipande vya jirani. Mabadilishano hayo hayakusababishwa na chanjo. Yalikuwepo tangu zama. Chanjo ilichofanya ni kumfanya aliyebadili apite huku wenzake wakikamatwa.

Kwa hiyo kujua koti peke yake hakutoshi tena. Ni lazima kumjua aliyelivaa. Tangu 2011 kuna mradi wa kimataifa, kiini chake kikiwa Taasisi ya Wellcome Sanger huko Uingereza, unaosoma jeni zote za nimokokasi kutoka nchi zaidi ya hamsini, zikiwemo nyingi za Afrika. Umekwisha kusoma sampuli zaidi ya 20,000, na nimokokasi sasa hupangwa kwa koo na nasaba pamoja na makoti yao. Kutokana na kazi za namna hii limezuka wazo ambalo mimi naliona kuwa la kina kuliko yote katika somo hili. Ukiangalia jeni ambazo bakteria wengine wanazo na wengine hawana, kwa mfano za kujikinga na virusi au za kugombana na jirani, unakuta kila jeni ina kiwango chake katika kundi zima. Jeni ikiwa adimu humfaidi anayeibeba. Ikiwa ya kawaida mno faida hupotea. Chanjo ikiwaondoa wenye makoti fulani, jeni walizobeba hupungua ghafla, na wanaostawi baadaye ni wale wageni wanaozirudisha jeni hizo kwenye viwango vyake vya zamani. Wazo hili halijafunga mjadala. Lakini likisimama, tutaweza kukadiria mapema nani atahamia, kabla hajahamia, na kutengeneza chanjo kwa kuzingatia hilo.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Makoti ya chanjo ya kwanza ndiyo yaliyokuwa yamezoea kukaa puani mwa watoto muda mrefu, na hivyo ndiyo yaliyokutana na antibiotiki mara nyingi na kujifunza kuzishinda. Chanjo ilipowaondoa, usugu kwa dawa ukapungua nao. Kisha 19A ikaja na usugu wake mpya. Mzazi anayenunua antibiotiki dukani kwa kila mafua ya mtoto huwasaidia wageni walio sugu kupata makao.

Sasa tuteremke hadi Blantyre, Malawi. Walianza chanjo ya makoti kumi na matatu mwezi Novemba 2011, dozi tatu za utotoni, na watoto wengi sana wakachanjwa. Ugonjwa ukapungua. Lakini watafiti walipopangusa pua miaka kadhaa baadaye walikuta makoti ya chanjo bado yamo, kwa wingi kuliko walivyotarajia, hata kwa watoto waliochanjwa. Hayakuhama. Maelezo yao ni kwamba mahali penye maambukizi mengi, watoto wengi chumba kimoja, kinga ya sindano tatu za utotoni huchakaa kabla mtoto hajafikia umri wa kutembea mtaa mzima, naye hurudi kuwa mbebaji. Kumbukeni kwamba Kilifi ilifanya kampeni kubwa ya mwanzo kwa watoto wote wa chini ya miaka mitano. Chanjo za aina moja, zikitolewa kwa njia mbili, huweza kuziacha pua katika hali mbili tofauti. Hili ni la kufikiriwa na kila wizara ya afya inayoamini kwamba kazi yake huishia pale kitabu cha kliniki kinapojazwa.

Nije kwetu, na kwa jambo lililo mbele yetu sasa. Mwaka 2022 Kenya ilibadilisha chanjo. Iliacha ile ya kwanza, ikachukua nyingine ya makoti kumi inayotengenezwa na Serum Institute ya India, iliyo nafuu zaidi kwa bei. Mama akienda kliniki haoni tofauti: sindano ni ileile, wiki ni zilezile, na mtoto analia vilevile. Lakini makoti si yaleyale. Ndani ya chanjo mpya wameingia 6A na 19A, na hilo la 19A linanifurahisha, mkikumbuka Alaska. Waliotoka ni 4 na 18C.

Kwa upande wa bei, uamuzi huo naukubali kwa moyo mweupe. Nchi inayojitayarisha kulipia chanjo zake yenyewe haiwezi kununua kwa bei ya wengine milele, na chanjo isiyonunulika haimkingi mtu. Kwa upande wa makoti, 19A ni adui aliyethibitika, na kumwacha nje kungekuwa kosa. Lakini 4 na 18C waliondoka puani mwa watoto wa Kilifi kwa sababu chanjo ya kwanza iliwafukuza, na sasa hakuna anayewafukuza. Serotaipu 4 imekwisha kuonyesha huko magharibi mwa Marekani kwamba inajua kurudi: kati ya 2010 na 2018 ilizuka tena kwa watu wazima, wakiwemo wasio na makazi, ingawa watoto wa nchi hiyo wanachanjwa dhidi yake tangu 2000.

Kwa hiyo mama, popote ulipo, na mtoto wako sasa lazima amekwisha kuwa mwanafunzi: hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta, na ndicho wanachokitafuta wanaopita kwenye nyumba za jirani zako leo. Kijiti kile kiliingizwa kwenye kichupa chenye maziwa yaliyotolewa mafuta, sukari na gliserini, kikawekwa kwenye kisanduku cha barafu, kikafika maabara siku ileile. Kipande chake kikalala kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, pamoja na vya mwaka uliotangulia na vya mwaka uliofuata. Kama 4 atarudi, au 18C, au mwingine ambaye bado hatujamwona, hatutajua kwanza kwa kumwona mtoto amelala wodini. Tutamkuta kwanza nyuma ya pua ya mtoto mzima wa afya, anayecheza uani, ambaye mama yake amekubali akalizwa kidogo.